Gari Likigoma Baridini: Dalili, Sababu na Dawa kwa Madereva wa Uber na Lyft wa Minneapolis

Novemba ikishaingia Minneapolis na Saint Paul, jimboni Minnesota, Marekani, maswali ya sisi madereva wa teksi za programu za simu huwa yale yale: gari haliwaki, kioo kimejaa ukungu, taa ya tairi haizimi, abiria wa nyuma anasema anaganda. Wengi wetu tulijifunza kuendesha Nakuru, Kigoma au Bukavu, ambako gari huzidiwa na joto, vumbi au mzigo. Huku huzidiwa na kusimama. Kazi yetu ni safari fupi fupi na kungoja kwingi, hita na taa zinawaka, simu zinachajiwa, milango inafunguliwa kila mara na viatu vyenye theluji vinaingia. Ukilielewa hilo, nusu ya matatizo ya hapa chini utayatambua kabla hujafungua boneti.

Nimepanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotajwa kwanza ndiyo inayopatikana zaidi, kwa hiyo anza nayo hata kama rafiki yako ameshakuapia kwamba ni altaneta, ile mashine ya kuchaji betri injini ikizunguka. Baridi naiandika kwa Selsiasi, na Farenhaiti kwenye mabano kwa sababu ndiyo utakayoiona kwenye dashibodi. Na ukisikia redioni baridi ya upepo, ile namba ya kutisha zaidi, jua hiyo ni ya ngozi yako. Betri na tairi havijali namba hiyo, vinafuata baridi ya hewa yenyewe. Tarehe 30 Januari 2019 hewa ya Minneapolis ilishuka hadi −33 (−28), posta ikasimamisha kupeleka barua, na kwa betri iliyochoka hiyo ilitosha kabisa bila kuongeza upepo.

Gari haliwaki, au linatoa mlio wa tik-tik-tik

Mara nyingi ni betri. Betri ya kawaida ikifika nyuzi 0 (32) hupoteza takribani theluthi ya nguvu zake, na kwenye −18 (0) zaidi ya nusu, wakati huo huo oili imekuwa nzito na injini inadai nguvu zaidi ili izunguke. Anayengoja abiria kwa saa nzima injini ikiwa inanguruma taratibu, hita ya kiti imewashwa na kioo cha nyuma kinapashwa joto, huenda anatumia umeme mwingi kuliko unaoingia. Jioni gari linawaka. Alfajiri linakataa.

Kabla ya jingine lolote, angalia vichwa vya betri. Kama vina ukoko mweupe au wa kijani, au waya unacheza ukiushika, safisha na ukaze. Kisha pima kwa kipimo cha volti, gari likiwa limelala saa kadhaa: 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 inavumilika, 12.0 imekaribia kuisha. Maduka mengi makubwa ya vipuri hupima bure. Ukinunua mpya, soma namba ya CCA ubavuni mwake, maana ndiyo inayoonyesha betri inatoa ampea ngapi kwa sekunde 30 kwenye −18. Usichukue yenye namba ndogo kuliko iliyopendekezwa na kitabu cha gari kwa ajili ya kuokoa dola ishirini.

Ukiishtua betri kwa umeme wa gari jingine, mpangilio wa nyaya ni huu: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu ya pili kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na nyeusi ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Ule mwisho wa nne usiupeleke kwenye betri, kwa sababu cheche karibu na gesi ya betri ndiyo inayolipua.

Gari likishawaka, pima tena injini ikiwa inafanya kazi. Ukiona kati ya 13.7 na 14.7, kuchaji kuko sawa. Ukiona chini ya 13, sasa ndipo altaneta iingie kwenye mazungumzo.

Wenye Prius na haibridi nyingine (magari ya petroli na umeme pamoja): kinachokufa si ile betri kubwa, ni betri ndogo ya volti 12, ambayo kwenye Prius nyingi za zamani imefichwa nyuma, upande wa buti. Chini ya boneti, ndani ya kisanduku cha fyuzi, kuna ncha ya kushtulia. Kuua betri hiyo ni rahisi: kaa ndani na redio na taa bila kufika kwenye READY, neno linalotokea kwenye dashibodi gari likiwa tayari kuondoka. Kama unangoja, gari liwe READY au liwe limezimwa.

SIMAMA HAPO: betri ikiwa imevimba, ina ufa, au unaona barafu ndani yake, usiishtue. Betri iliyoisha chaji huganda kwenye baridi ambayo betri iliyojaa haiisikii hata kidogo, na ikishtuliwa ikiwa imeganda inaweza kulipuka usoni mwako. Na kwenye haibridi, nyaya za rangi ya chungwa hazishikwi na mtu yeyote isipokuwa fundi aliyefunzwa.

Kichwa kinauma, usingizi wa ghafla, kichefuchefu wakati unangoja

Hii nimeitanguliza mbele ya kioo na tairi kwa makusudi. Gari likiwa limesimama kwenye theluji huku injini inafanya kazi, bomba la moshi likaziba, gesi ya kaboni monoksaidi hurudi ndani. Haina harufu wala rangi.

Sababu ya kawaida ni theluji: umerudi nyuma ukaegemea rundo, au greda la kuondoa theluji limepita likakuzibia huku unaangalia simu. Inayofuata ni bomba lililotoboka kwa kutu, maana chumvi ya barabarani hula chuma cha chini ya gari mwaka hadi mwaka. Dalili ya kutu hiyo ni mlio: gari linanguruma kwa sauti kubwa kuliko zamani. Ya tatu ni ya wenye haibridi, nayo huwapata wasiotarajia. Unadhani gari limezimwa kwa sababu liko kimya, kumbe injini inajiwasha yenyewe kila betri inaposhuka.

Kwa hiyo kila unapopaki kungoja theluji ikianguka, shuka uone bomba la moshi kwa macho yako, na ushuke tena kila baada ya muda. Acha kioo kimoja wazi kidogo. Usipashe gari moto ndani ya gereji, hata mlango wa gereji ukiwa wazi.

SIMAMA HAPO: kichwa kikianza kuuma ndani ya gari, toka nje kwanza, fikiri baadaye. Kama unayumba, unatapika, au abiria hajibu vizuri, piga 911. Usiendeshe kwenda hospitali.

Kioo kimejaa ukungu au barafu kwa ndani

Angalia kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, chenye picha ya gari na mshale uliojikunja. Kikiwa kimewashwa, unazungusha pumzi za watu watano. Kizime. Hewa ya nje hata ikiwa −20 ni kavu, na ndiyo inayofuta ukungu. Elekeza hewa kwenye kioo cha mbele, washa AC pamoja na hita kama baridi si kali sana, kwa sababu AC hukausha hewa.

Kama kitufe kiko sawa, shuka kwenye zulia. Ukibonyeza likatoa maji, umepata chanzo: viatu vya abiria vimeleta theluji, ikayeyuka, na usiku inapanda kwenye vioo na kuganda. Zulia la kitambaa halifai kwa kazi hii kuanzia Novemba hadi Aprili. Weka la mpira lenye kingo zilizoinuka, ulimwage nje kila mwisho wa zamu, na kabla ya kuzima gari fungua milango yote kwa dakika moja, unyevu utoke. Abiria wako wa mwisho akishashuka, baridi hiyo ni yako peke yako.

Baada ya hapo, kagua chujio la hewa ya ndani, nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Likiwa jeusi na limejaa majani, feni inapiga kelele bila kutoa hewa.

Sababu ya nadra ila mbaya ni rejeta ndogo ya hita kuvuja. Utaijua kwa harufu tamutamu, ukungu wenye mafuta usiofutika kwa kitambaa, na kulanti (maji ya kupoza injini) inayopungua bila kuona tone chini ya gari.

SIMAMA HAPO: ukiipata harufu hiyo, zima programu na umwone fundi. Kulanti ni sumu, na kioo kitaziba katikati ya barabara kuu.

Mbele joto, nyuma abiria anaganda

Nyota nyingi tunazopewa na abiria hupotea hapa. Jambo la kwanza ni mwelekeo wa hewa: umeielekeza kwenye uso wako. Iweke chini na mbele kwa pamoja. Kisha inama uangalie chini ya viti vya mbele. Magari mengi yana matundu ya kupeleka joto nyuma, na zulia lililosogea au chupa iliyodondoka huyaziba. Kwenye haibridi, ondoa ECO, ile hali ya kubana mafuta. Joto lake kwa kiasi kikubwa hutoka kwenye injini, na ECO huizuia injini isiwake mara kwa mara.

Kama hata mbele ni vuguvugu tu, tazama mshale wa joto la injini. Ukikaa chini ya katikati hata baada ya safari ndefu, na mafuta yanaisha haraka kuliko kawaida, themostati, ile vali inayoongoza joto la injini, huenda imekwama ikiwa wazi. Ni kazi ya fundi, na kwa kawaida si ya bei kubwa.

Kisha kulanti. Hapa mazoea ya nyumbani yanatuponza. Kule rejeta hunyweshwa maji ya bomba na safari inaendelea. Huku maji hayo yanaganda, yanavimba na kupasua injini. Mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji hulinda hadi karibu −37 (−34), na kuna kipimo kidogo cha bei rahisi kinachoonyesha wako unalinda hadi wapi. Kama umehama na gari kutoka Texas au Arizona, au umelinunua kwa mtu aliyetoka huko, pima kabla ya theluji ya kwanza. Maji yake ya waipa nayo huenda ni ya kiangazi. Yatoe uweke yaliyoandikwa −20°F au chini zaidi.

SIMAMA HAPO: hita ikipuliza baridi huku mshale wa joto unapanda kuelekea H, kulanti imeisha, imeganda, au pampu imekufa. Paki pembeni, zima, mtafutie abiria gari jingine. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto.

Taa ya tairi imewaka

Presha hushuka takribani PSI 1 kwa kila nyuzi 5.6 (10°F) za baridi. Tairi lililojazwa 35 siku ya Oktoba yenye 21 (70) litakuwa karibu 26 asubuhi ya −29 (−20) bila msumari wowote, na taa imewekwa kuwaka presha ikiwa robo chini ya kiwango. Jaza upepo kwa kufuata kibandiko kilichoko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba iliyochapwa kwenye tairi lenyewe ni kikomo cha tairi, haikuwekwa kwa ajili ya gari lako. Pima kabla hujaendesha, maana tairi likishapata moto linadanganya.

Likishuka tairi moja tu, tafuta msumari, au kutu ya chumvi kwenye ukingo wa rimu. Taa ikimeta kwa muda kisha ikatulia, tatizo ni kihisi chenyewe.

SIMAMA HAPO: baada ya kugonga shimo, ukiona uvimbe ubavuni mwa tairi, usipakie abiria mwingine. Badilisha.

Gari linateleza, au pedeli ya breki inatetemeka

Pedeli ikitetemeka na kutoa mlio wa kukwaruza kwenye barafu, hiyo ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, inafanya kazi yake. Endelea kukanyaga, usipampu. Wengine huogopa mtetemo huo wakaachia breki pale pale walipoihitaji.

Kuteleza kwingine kote, anza na tairi. Mpira wa tairi la kawaida hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 (45). Tairi linalofaa lina alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani. Herufi M+S (tope na theluji) peke yake hazithibitishi kitu kama hicho. Kupima mifereji ya tairi, ingiza robo dola kichwa cha Washington kikiwa chini. Ukiona juu ya kichwa chake, imebaki chini ya inchi 4/32, kama milimita 3, na kwenye theluji hilo ni tairi kipara hata kama sheria bado inalivumilia. Gari la magurudumu manne yanayovuta linaondoka vizuri, lakini halisimami vizuri kuliko lingine. Ndiyo maana mitaroni utaona magari makubwa mengi.

Chumvi nayo ina kikomo. Ile ya kawaida huanza kushindwa kuyeyusha barafu karibu na −9 (15), kwa hiyo barabara nyeusi yenye chumvi kwenye −20 inaweza kuwa na barafu usiyoiona. Madaraja huganda kabla ya barabara. Nyuma ya greda kaa mbali, usilipite, hata abiria akisema ndege inamwacha.

Breki ya mkono: ukiivuta ikiwa na maji, usiku ukawa −25, asubuhi magurudumu ya nyuma hayazunguki. Sehemu tambarare, weka P uiache. Ikishaganda usilazimishe. Acha gari lipate joto, sogeza mbele na nyuma taratibu.

Na kuna usiku ambao jibu ni kuzima programu. Bei ikipanda mara mbili kwa sababu ya dhoruba, imepanda kwa kuwa madereva wenye akili wamekwenda kulala. Kiasi utakachokatwa na bima kwa ajali moja kitameza bonasi ya usiku huo na siku zinazofuata. Hali ya barabara za jimbo uulize 511 kabla ya kutoka.

Mlango haufunguki, au haufungi

Haufunguki: mpira wa mlango umeshikana na fremu. Sukuma kwanza kwa ndani kwa kiganja, barafu ipasuke, ndipo uvute. Usimwage maji ya moto, yatapasua kioo na kisha yataganda tena. Paka mpira silikoni ya kupuliza kila baada ya wiki chache. Abiria akishindwa kutoka nyuma, kabla ya kulaumu baridi angalia kufuli ya watoto.

Haufungi: komeo limeganda likiwa limefunguka, mlango unagonga na kurudi. Pulizia dawa ya kuyeyushia barafu yenye alkoholi kwenye komeo, shikilia kitasa, funga. Abiria asije akaushikilia kwa mkono hadi afike. Safari hiyo haiendi.

Waipa zikigandia kwenye kioo, zing'oe kwa mkono. Ukiwasha kwa nguvu utaunguza fyuzi au mota.

Simu inazima au inadondoka

Simu ikikaa kwenye kioo chenye baridi huzima ikiwa bado inasema ina chaji. Ukiihamishia kwenye tundu la hita, inapata moto kupita kiasi na kugoma kuchaji. Dawa ni kishikizo cha dashibodi kilichoko mbali na vyote viwili. Kishikizo cha kunyonya kikidondoka, safisha kioo kwa alkoholi, pasha mpira wake joto kwa mikono, bandika tena. Kuishika mkononi si suluhisho: Minnesota imepiga marufuku tangu 1 Agosti 2019.

Asubuhi gari halipo

Kabla ya kupiga kelele za wizi, angalia kama jiji limetangaza dharura ya theluji na kulivuta ili barabara isafishwe. Minneapolis ina siku tatu. Siku ya kwanza, saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi, hakuna kupaki upande wowote wa barabara zenye alama ya njia ya dharura. Siku ya pili, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, hupaki upande wa namba shufwa kwenye mitaa mingine. Siku ya tatu, saa hizo hizo, upande wa namba witiri. Saint Paul ina taratibu zake. Gari lililovutwa hulipiwa faini, kuvutwa na kuhifadhiwa.

Kama hakuna dharura, basi uliliacha likipashwa moto na ufunguo ndani. Wezi wa majira haya hawahitaji ujuzi zaidi ya huo.

Gari la umeme linaishiwa chaji katikati ya siku

Mara nyingi si ubovu. AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kilipopima mwaka 2019 kwenye −7 (20) hita ikiwa imewashwa, umbali ulipungua kwa wastani wa asilimia 41. Lipashe joto likiwa bado kwenye chaja, tumia hita za viti kuliko hewa, na weka chaja kwenye ramani ya gari mapema kama unakokwenda ili betri ifike ikiwa na joto, la sivyo chaji ya haraka haitakuwa ya haraka.

Umenasa kwenye theluji

Magurudumu yakizunguka bila kwenda, acha kukanyaga mafuta, maana unachimba shimo na kuchemsha gia boksi. Chimbua theluji mbele na nyuma ya magurudumu kwa beleshi, na kwenye bomba la moshi. Nyoosha usukani. Mwaga mchanga au takataka za paka chini ya magurudumu yanayovuta. Zima mfumo wa kuzuia kuteleza, kisha mbele kidogo, nyuma kidogo, kwa mguu mwepesi. Abiria asisukume akiwa nyuma ya gari.

SIMAMA HAPO: ukinasa barabara kuu, washa taa za tahadhari, baki ndani na mkanda, piga 911. Hatari kubwa hapo ni gari linalokuja nyuma yako likiteleza. Tangi lisishuke chini ya nusu majira yote ya baridi, ili usiku kama huo uweze kuwasha injini kwa vipindi. Kama kumekuwa na mgongano, hata mdogo, piga picha, ripoti kwenye programu kabla hujaondoka, na usimwambie mwenye bima yako binafsi kwamba ulikuwa unatoka dukani. Rekodi ya safari inaonyesha ulikuwa kazini, na bima nyingi za binafsi hazilipi gari likiwa kazini isipokuwa umenunua nyongeza yake.